Nitawezaje kujuana na watu wa taaluma yangu bila kuonekana ombaomba?

Mhitimu wa Nyalenda:
Hamjambo nyote. Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka jana, nami ninaishi Nyalenda, Kisumu. Mitihani ya CPA, ile ya wahasibu wa kitaalamu, nimeifikisha katikati. Ada ndiyo iliyonisimamisha. Nimepeleka barua za maombi katika ofisi zisizopungua arobaini, nyingine kwa mkono na nyingine kwa barua pepe, na majibu niliyopata ni mawili, yote ya kunishukuru tu. Kila ninayemweleza hunijibu kwamba kazi siku hizi ni kujuana. Sasa nijuane na nani? Baba ni mvuvi wa Dunga, mama huuza omena Kibuye, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya kazi ya ofisi. Sitafuti wa kunipitisha mlango wa nyuma, wala sina cha kuhonga. Ninachouliza ni jinsi mtu anavyoanza kuzungumza na wenye taaluma yake ilhali hawamjui.

Mkaguzi, Nakuru:
Dada, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupewa kazi usiyoistahili kwa sababu mjomba ni mkubwa ni upendeleo. Kujulikana kwamba upo, una ujuzi gani na unaweza kuanza lini ni jambo jingine kabisa, na ofisi ndogo za ukaguzi wa hesabu kama yetu huajiri kwa njia hiyo kwa kuwa hatuna fedha za kutangaza gazetini wala muda wa kusoma barua mia tatu.

Lakini ujue majira yetu. Kampuni nyingi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba na hutakiwa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya Juni kwisha, kwa hiyo kuanzia Januari tunatafuta mikono ya ziada, na ikifika Julai hatuihitaji tena. Hata ndani ya mwezi zipo siku za kukwepa: kodi ya mishahara mwisho wake ni tarehe 9, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20. Anayebisha hodi tarehe 19 ataambiwa arudi siku nyingine, hata awe malaika. Nenda tarehe 22 au 23, asubuhi, uombe robo saa tu, na usiulize kama kuna nafasi. Uliza ni kazi zipi zinazowalemea, ni programu gani ya hesabu wanayoitumia, na ni nani mwingine mjini ambaye ingefaa umwone. Hilo la mwisho ndilo la kulishika, kwa sababu utakapofika kwa huyo wa pili hutakuwa mgeni wa barabarani, bali mtu aliyeelekezwa na fulani.

Nyamama wa Kakamega:
Ushauri huo ni mzuri, ila umeandikwa na mwanamume. Mdogo wangu, mazungumzo ya kazi hufanyika ofisini, mchana. Mtu aliyeniahidi kunitambulisha kwa wakubwa wake alitaka tukutane hotelini saa mbili usiku. Sikwenda, na utambulisho ukafia hapo. Na yeyote anayekudai pesa za "usajili" kabla ya kukupa kazi, achana naye.

Mwalimu mstaafu, Maseno:
Mwanangu, nisichokubaliana nacho ni hapo unaposema hamna mnayemjua. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala mwaka 1973 baada ya kuwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu fulani, akiwauliza walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosaidiwa na watu wanaoonana nao kila mara walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Wengine wote walisaidiwa na watu wa kuonana mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake haifichiki: wa nyumbani kwako wanazijua habari zile zile unazozijua wewe.

Sasa tazama. Wavuvi wa Dunga wana BMU yao, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, yenye mweka hazina na vitabu vya hesabu. Mama yako, kama wafanyabiashara wengi wa Kibuye, huenda ana sacco, chama cha akiba na mikopo, na kila sacco hutakiwa na sheria kusomewa hesabu zilizokaguliwa katika mkutano mkuu wa kila mwaka. Aliyezikagua ana ofisi mahali fulani, pengine hapo hapo mjini. Muulize mama jina lake.

Mhitimu wa Nyalenda:
Ninawashukuru sana. Nimemuuliza mama jioni hii, akacheka, akaniambia mkaguzi wao ana ofisi karibu na Oginga Odinga Street, nami nimepita pale mara nyingi bila kuinua macho. Baba naye anasema mweka hazina wa BMU hulalamika kila mwezi kwamba vitabu vimemshinda. Nitaanza na vitabu hivyo Jumamosi, ili nitakapokwenda kwa mkaguzi tarehe 23 niwe na kazi ya kumwonyesha. Je, nimwandikie kwanza, au niende tu na salamu za mama?

Mkaguzi, Nakuru:
Nenda na salamu za mama. Barua pepe zetu hatuzisomi.