Nani anakumbuka 40 Watt na redio ya WUOG mjini Athens, Georgia?

Swali: Ndugu zangu mliosoma Chuo Kikuu cha Georgia miaka ya 1990, kuna anayekumbuka usiku wa 40 Watt Club, ile klabu ya muziki pale Mtaa wa West Washington, na jinsi tulivyokuwa tukitega sikio WUOG 90.5 FM, redio ya chuo, tangu jioni ili tujue ni bendi gani ingepanda jukwaani? Je, mambo yale bado yapo?

Jibu la kwanza: Nakumbuka vyema, kaka. Klabu ilihamia jengo hilo mwaka 1991, ila chimbuko lake ni chumba cha ghorofani cha Curtis Crowe, mpiga ngoma wa bendi ya Pylon, kilichokuwa kikimulikwa na balbu moja ya wati 40.

Jibu la pili: Naomba redio isisahauliwe, maana sifa zote huenda kwa klabu. WUOG, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1972, iliendeshwa na wanafunzi wenyewe, nao walipiga sahani za santuri ambazo vituo vya biashara havikuthubutu kuzigusa. Vijana wa bendi ya R.E.M., waliotumbuiza mara ya kwanza Aprili 1980 katika kanisa kuukuu mjini humo, walibebwa na redio za vyuo za namna hiyo kote Marekani kabla hawajavuma. Mtangazaji alikohoa hewani, sindano ikaruka, na hakuna aliyelalamika. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa utamu wake.

Jibu la tatu: Vyote viwili vipo, dada na kaka zangu. WUOG imekuwa hata na kipindi ambacho bendi za mjini hupiga moja kwa moja ukumbini mwa kituo.