Desemba 9: uhuru wa Tanganyika au wa "Tanzania Bara"?

Wakuu, salaam.

Kila Desemba ikifika nasoma mabango ya barabarani na kuguna: "Uhuru wa Tanzania Bara". Tanzania Bara ipi iliyotawaliwa na Mwingereza?

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa ikapandishwa ya Tanganyika. Prince Philip alikuwepo kwa niaba ya Malkia, Mwalimu Nyerere akiwa Waziri Mkuu, na Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera Kilimanjaro. Neno "Tanzania" lilikuwa bado halijazaliwa. Lilikuja Oktoba 1964, miezi sita baada ya Muungano.

Hata bendera yenyewe. Ile ya 1961 ilikuwa ya kijani na nyeusi yenye mistari ya dhahabu, bluu haimo. Bluu ilitoka Zanzibar. Lakini angalieni kadi za pongezi mnazorushiana WhatsApp: tarehe ya 1961, bendera ya 1964! Siku tano baada ya uhuru, Desemba 14, nchi ilipokewa Umoja wa Mataifa kwa jina hilohilo la Tanganyika.

Wenzetu wa visiwani wanaadhimisha Januari 12 kama Mapinduzi ya Zanzibar. Sijasikia mtu akiyaita "Mapinduzi ya Tanzania Visiwani", na Muungano upo palepale.

Najua nitaambiwa naleta za G55, wale wabunge waliodai serikali ya Tanganyika, na rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba iliyopendekeza serikali tatu. La hasha. Serikali tatu binafsi sizitaki. Nazungumzia jina kwenye bango.

Naomba kuwasilisha.

*

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hilo Tanganyika Mwingereza ndiye aliyetubandika mwaka 1920, kalichukua kwenye jina la ziwa baada ya kumpokonya Mjerumani. Leo unalilia jina la mkoloni? Halafu "Tanzania Bara" limo kwenye Katiba, ibara ya 151. Serikali ifuate Katiba au ifuate wewe?

Mleta mada:
La 1920 sikubishii. Ila waliokutana 1954 kuanzisha TANU waliliweka jina hilohilo mwanzoni kabisa mwa jina la chama chao, wakalidaia uhuru. Kuanzia hapo si la mkoloni tena. Na hiyo ibara isome yote, mkuu: inasema Tanzania Bara ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika. Eneo! Eneo halipewi uhuru, nchi ndiyo inayopewa.

Mchangiaji wa pili:
Mimi naona mnapoteza muda. Mwaka 2015 sherehe zilifutwa tukaambiwa tushike mafagio, tukafagia. Jina gani lilihitajika pale?

Mchangiaji wa tatu, kutoka Unguja:
Nyinyi afadhali mnagombania maneno ya bango. Sisi tulipata uhuru kwa Mwingereza Desemba 10, 1963, na tukaingia Umoja wa Mataifa siku sita baadaye. Mmeona wapi bango lake?

Mleta mada:
Ndugu yangu, hapo umechokoza nyuki. Watakuja sasa hivi wa kukwambia uhuru ule alipewa Sultani, wananchi wakaupata wao Januari 12. Fungua mada yake, nitakuja kuchangia. Ila huko na mimi utanikuta nauliza swali lilelile: siku ile ilitokea au haikutokea?