Papi wa wiki 8: nimfungie mpaka chanjo ziishe, nimzoeshe mapema, au nisubiri mwalimu?

MamaWawili_Goba
Wadau hodi. Jumamosi tunaletewa papi jike, mama yake German Shepherd, baba yake wa kienyeji aliyeruka ukuta. Ana wiki 8 na chanjo ya kwanza ameshapata. Nyumbani kuna watoto wawili, dada wa kazi anayeogopa mbwa kufa, na mlinzi wa usiku. Tunataka mbwa wa kulinda, ila asije akamrarua mgeni.

Sasa ushauri umekuwa mwingi. Jirani anayefuga anasema asikanyage nje ya geti mpaka chanjo zote ziishe, yaani hadi miezi minne hivi, maana pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu, imemaliza mapapi mtaa mzima. Shemeji anasema nimzoeshe watu na kelele tangu siku ya kwanza. Mume wangu yeye anataka mchana akae bandani, usiku afunguliwe, na akifika miezi sita apelekwe kwa mwalimu. Ningekuwa nyie ningefuata lipi?

Soja_Kitengela
La mume wako. Mbwa akishazoea kila mtu, kazi imeisha. Atamlamba mwizi mkono.

DaktariWaMoro
Mama Wawili, jirani yako hajakosea kuhusu pavo, amekosea dawa yake. Kirusi kile kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Kwa sakafu tumia jiki, kikombe kimoja kwa maji vikombe 30, baada ya kuondoa uchafu kwanza. Na chanjo tunazirudia kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16 kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake kupitia maziwa inaweza kuizima chanjo, na hatujui kwa kila papi itaisha lini. Ile ya wiki 16 ndiyo tunayoitegemea zaidi.

Tatizo ni kwamba akili ya papi haisubiri chanjo. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, anachokutana nacho bila kuumizwa anakiweka kwenye kapu la vitu vya kawaida. Baada ya hapo, kipya kinaanza kuwa cha kutisha. Wamarekani walilipima hili zamani: mwaka 1961 walichapisha jaribio ambapo mapapi walifugwa bila kuguswa na watu, wengine hadi wiki 14, na wale waliochelewa hivyo hawakuwazoea watu kama wenzao waliozoeshwa mapema. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani kikatoa msimamo kwamba mazoezi yaanze wiki ya 7 au 8, siku 7 au zaidi baada ya chanjo ya kwanza, bila kusubiri zote ziishe.

Kwa hiyo mimi niko na shemeji, kwa sharti moja: miguu yake isiguse udongo wa njiani wala pale mbwa koko wanapopita, na asikutane na mbwa usiyejua chanjo zake.

MamaWawili_Goba
Sasa nitamtembezaje bila kukanyaga chini?

Kigamboni_Feri
Unambeba. Mimi wangu nilimtia kwenye kikapu cha sokoni chenye taulo, tunakaa kwenye Bajaji imeegeshwa karibu na kituo. Anaona wamachinga, bodaboda, mama mwenye mwavuli, mzee wa mkongojo, watoto wa shule wakitoka. Kila kikipita kitu, kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje ya muhindi. Ndani ya nyumba fanya hivyohivyo na blenda, jenereta, mvua kwenye bati, geti la chuma likijibamiza.

Ila mtazame yeye, usitazame ratiba yako. Akibana mkia, akilaza masikio, akilamba midomo hovyo au kupiga miayo wakati hana usingizi, amezidiwa. Sogea mbali hadi aweze kula tena. Kumshikilia pale "azoee" ndiyo njia ya haraka ya kumharibu.

Soja_Kitengela
Sawa, lakini mbwa wa kulinda ni mbwa wa kulinda. Hapa kwetu wanaofungwa mchana ndio wezi wanawaogopa.

FundiMabanda
Nimejenga mabanda Arusha nzima na nimeumwa na hao wa kwako, kaka. Wanauma fundi, wanauma msoma mita, wanauma mtoto wa nyumba mpira ukidondoka karibu. Mwizi akija na fimbo wanarudi nyuma ya banda. Huo ni woga wenye meno. Mbwa anayejua mlinzi anavyotembea na muuza maji anavyogonga geti ndiye atakayebweka saa nane usiku mtu akitua ukutani, kwa sababu hilo halijui. Kubweka hatafundishwa na mtu, kutakuja kwenyewe akikua.

Kuhusu mwalimu wa miezi sita: kukaa, kulala, kuja akiitwa, anaweza kufunza hata mbwa mzima. Woga ndio hatakutolea kirahisi. Na ukimpeleka akalale huko, mbwa anarudi anamtii mwalimu. Afadhali mwalimu aje kwako, umwone anavyofanya kazi. Akianza kwa kuvuta mnyororo shingoni, msindikize mpaka getini.

BintiPangani
Niongeze la sisi tunaoishi na majirani Waislamu. Ulimi wa mbwa ukimgusa mtu hapa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na huyo mtu yuko njiani kwenda kuswali. Kwa hiyo somo la kwanza kwetu huwa miguu minne chini. Akiruka, nampa mgongo, sisemi neno. Akitua, ndipo nasema naye na kumpa chake. Nyumba nzima ifanye hivyo, maana mtoto mmoja akimchekea anaporuka, mmeanza upya. Kung'ata mikono ni hivyohivyo: jino likigusa ngozi, mchezo unakoma hapohapo.

Dada anayeogopa asilazimishwe kumshika. Akae kitini, adondoshe dagaa mmoja mmoja sakafuni, waliooshwa hadi chumvi itoke. Papi atamfuata mwenyewe.

DaktariWaMoro
Na kila siku mguseni masikio, kucha, fizi, kati ya vidole. Siku ya kutafuta kupe au kuchoma sindano mtanikumbuka. Choo: mtoeni uani palepale akiamka, akila, akimaliza kucheza. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha tu mkiwa mnamwona.

MamaWawili_Goba
Mume amesoma yote. Amekubali habari ya kikapu, ila anasema usiku atafunguliwa, hilo halina mjadala.

Soja_Kitengela
Huyo ni mtu wangu.

DaktariWaMoro
Afunguliwe, hakuna ugomvi, akishakua na ua ukiwa umezibwa. Wiki hizi za mwanzo alale ndani, boksi lenye kitambaa kilichokaa na mama yake, ombeni kije naye Jumamosi. Akifika miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa, na kadi itunzeni pamoja na za watoto.