Mrejesho: Mitishamba ya kutuliza akili

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama naweza kuchanganya kamomili (maua yanayonywewa kama chai) na mzizi wa valeriani nipate usingizi, mkaniambia nianze na mmea mmoja na nimwone mfamasia kwanza. Nimemwona. Swali lake la kwanza: unatumia warfarin? Kumbe kamomili inaweza kuiongezea nguvu dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda, mtu akaanza kuvuja damu. Valeriani nayo haifai pamoja na dawa za usingizi wala pombe. Hiyo nimeiacha (na harufu yake, jamani, kama soksi chafu!).

Nimebaki na kamomili. Kijiko cha maua makavu, maji ya moto, kisha nafunika kikombe kwa kisahani, maana mafuta yake hupotea na mvuke. Usingizi unakuja taratibu, ingawa nadhani nusu ya kazi inafanywa na kule kukaa bila simu.

Jirani mjamzito ameniomba nimpimie kamomili naye anywe, nikakataa. Mimi bado mwanafunzi wa mambo haya. Nimemwelekeza kwa mkunga wake. Na yule aliyeuliza kuhusu mzio: kama maua ya jamii ya alizeti yanakuwasha, kamomili usiiguse.