Naomba ushauri: kuchora sura za watu kwa penseli

Ndugu wanachama, habari za leo. Naomba ushauri wenu kuhusu kuchora sura za watu kwa penseli, jambo ambalo natamani sana kulimudu. Vipimo vya msingi ninavijua: macho hukaa katikati ya utosi na kidevu, na nafasi kati ya jicho na jicho hukaribia upana wa jicho moja. Nikinakili picha kwa kuigawa katika miraba, sura hufanana na mwenyewe. Lakini nikimchora mama akiwa ameketi mbele yangu, hutokea mtu mwingine kabisa, hasa mdomoni, ambapo mstari ukikolea kidogo tu humfanya aonekane amekasirika. Kwa upande wa vivuli, natumia penseli ya HB kwa mistari ya awali na 4B kwa sehemu za giza, ila mashavu hubaki na madoa hata nikisugua kwa karatasi laini, ambayo kwa maoni yangu huchafua zaidi kuliko kusaidia.

Kwa wenye uzoefu: je, niache kwanza miraba ili jicho lizoee kupima lenyewe? Na kivuli cha shavu hujengwaje ili kififie taratibu bila kusugua? Natanguliza shukrani.