Naomba ushauri: RTX 3060 au RTX 4060?

Wakuu, habari zenu. Naunganisha kompyuta yangu mwenyewe. Prosesa Ryzen 5 5600 na pawa saplai ya wati 550 ninavyo, imebaki kadi ya grafiki tu. Nimekwama kati ya RTX 3060 ya GB 12 na RTX 4060 ya GB 8. Hii ya pili ni mpya zaidi na inakula wati 115 tu, mwenzake 170. Lakini kazi yangu kubwa ni Blender (programu ya kuunda picha na katuni za 3D), na projekti ikiwa nzito memori ya kadi hujaa, hapo kasi haisaidii kitu. Gemu ni za wikendi, tena kwa skrini ya 1080p. Waliorenda (yaani kutoa picha ya mwisho kwenye Blender) kwa kadi ya GB 8, zinatosha kweli? Na nikipata 3060 iliyotumika, nikague nini kabla ya kulipa?