Badiliko bila testi: likataliwe au lipite?

mzee_wa_repo
Wakuu, salaam. Tuna mradi huria wa kukokotoa mishahara, ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Python, wachangiaji wengi ni wanafunzi. Juzi mmoja "alisafisha" kodi (code, yaani maandishi ya programu, si ushuru), akaweka round() ya kawaida, ile ya kukadiria namba iwe nzima. Kumbe kwenye Python 3 round(2.5) inakupa 2, si 3. Makato yakapishana shilingi moja moja, tukagundua siku ya malipo! Sasa tunavutana:
a) bila testi (kodi ndogo inayokagua kama programu inatoa jibu sahihi) badiliko haliingii
b) mhakiki, anayepitia badiliko kabla halijaingia, aamue mwenyewe
c) mashine ikatae badiliko kama mistari ya kodi iliyopitiwa na testi imeshuka chini ya asilimia 80
Nyie mnatumia ipi?

dada_pytest
(c) itoe kabisa. Tuliiweka kazini, watu wakaandika testi zinazoita funksheni bila assert (mstari unaokagua jibu) hata moja. Asilimia ikapanda, bagi (makosa ya programu) zikabaki palepale.

nahodha_wa_C
Inategemea nani anaifanyia kazi hiyo asilimia. SQLite, programu ya hifadhidata, wana asilimia 100 ya matawi yote (njia zote ambazo kodi inaweza kupita), na kodi ya testi ni zaidi ya mara 500 ya programu yenyewe. Ila kodi ya watu wa nje kwa kawaida hawapokei. Wewe unaishi kwa wanafunzi wa kujitolea.

mwana_eldoret
Mimi (a), lakini yenye mlango. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika huku kwetu Eldoret, mtuma badiliko anatakiwa kutiki kwamba ameongeza testi. Kama amepanga upya tu kodi ambayo tayari ina testi nzuri, anasamehewa. Django, zana ya kutengenezea tovuti, nao wanataka testi inayofeli kabla ya rekebisho. Hapo ndipo penye utamu: testi ambayo haijawahi kufeli utajuaje inapima nini?

mgeni_git
Samahanini wakubwa. Mara yangu ya kwanza nilituma mistari minne, nikajibiwa "testi iko wapi?" basi. Sikurudi tena.

dada_pytest
Pole mdogo wangu, kosa ni la mhakiki. Mgeni testi ya kwanza unamwandikia wewe, unaisukuma kwenye tawi lake (nakala yake ya kodi), anaona inavyokaa. Ya pili mdai.

mzee_wa_repo
Nimewasoma. (a) kwa bagi na chochote kinachogusa hesabu. Nyaraka na rangi za kurasa zipite. Nimeandika testi ya 2.5 sasa hivi: kwa round() nyekundu (inafeli), kwa Decimal yenye ROUND_HALF_UP (nusu inapanda juu) kijani (inapita). @mgeni_git, ile mistari minne bado unayo?